Picha ya Msiba ni ya Nani?

Neno maonyesho limezoeleka sana masikioni mwetu. Litajwapo, wengi wetu hukumbuka Sabasaba na Nanenane: ng'ombe walionona, mikungu ya ndizi inayomwelemea mbebaji, matrekta mapya, na wanafunzi waliopangwa mistari katika vumbi. Hapo hapana ugomvi, maana kinachoonyeshwa ni mali, nayo mali hupenda kutazamwa. Lakini itakuwaje kinachotundikwa ukutani kikiwa si mali, bali ni maumivu ya watu: mgongo uliochapwa, mfungwa aliyetiwa minyororo, kiongozi aliyeuawa? Je, ni halali msiba wa watu kufanywa kitu cha kutazamwa na wapita njia? Na ukishatundikwa, msiba huo ni wa nani?

Swali hili sikulipata vitabuni. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa karani kijana, nilipewa kazi ya kuandika vikaratasi vya maelezo kwa maonyesho madogo ya picha za kale katika mji mmoja wa kusini. Picha mojawapo, ya wakati wa Wajerumani, ilionyesha wanaume saba waliofungwa shingoni kwa mnyororo mmoja. Nafasi ilikuwa finyu, nami nikaandika neno moja tu: "Wafungwa". Siku ya pili akaja mzee mmoja na mkongojo wake, akasimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa ni akina nani?" Nikamsomea nilichoandika. Akatikisa kichwa. "Nakuuliza majina," akasema. "Baba yangu alikuwa na kovu la mnyororo hapa," akagusa shingo yake, "na wenzake aliofungwa nao alikuwa akitutajia mmoja mmoja, jioni baada ya jioni." Sikuwa na la kumjibu. Aliondoka bila kuniaga, nami sikumlaumu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jinsi watu wengine walivyolikabili jambo hili. Mfano ulionifundisha zaidi nimeupata kwa jirani zetu wa Lubumbashi, katika Kongo, ambao husema Kiswahili kama sisi, ijapokuwa kwa lafudhi na msamiati wao.

Wakongo waliyaonja mapema maonyesho ya namna mbaya. Mwaka 1897, kwa amri ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, Wakongo 267 walipelekwa Ulaya, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza huko Tervuren, karibu na Brussels, ili Wabelgiji wapate kuwatazama. Watazamaji walizidi milioni moja. Saba kati ya Wakongo hao walifia huko huko, na makaburi yao yapo hata leo kando ya kanisa. Hapo mtu mzima, mwenye akili na wazazi wake, ndiye aliyefanywa picha.

Mtu angedhani kwamba watu waliotendewa hivyo wangechukia kabisa kuonyesha mateso yao. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya baada ya 1965, na hasa katika miaka ya 1970, walitokea Lubumbashi na katika miji mingine ya migodi ya shaba wachoraji wengi ambao hawakupita shule kubwa za sanaa. Walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakauza kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi, karani au mchuuzi aliweza kuimudu, naye akaitundika picha yake sebuleni. Wengine walipenda picha za mamba muntu, yule nguva atoaye utajiri. Lakini nyingine iliyopendwa sana iliitwa "Colonie Belge", yaani koloni la Ubelgiji. Ndani yake yumo mfungwa amelazwa chini kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa kwa mjeledi wa kiboko, Mzungu anasimamia, na wafungwa wengine wamo katika sare zao za mistari.

Ndugu msomaji, hebu jiulize. Ni nani apendaye kula chakula chake cha jioni chini ya picha ya mtu anayechapwa? Waliojibu swali hilo walikuwa na neno moja ambalo ni letu pia: ukumbusho. Picha ilikumbusha. Mgeni alipoketi akaitazama, mwenye nyumba alianza kusimulia, mgeni akaongeza yaliyompata babake, mama akasahihisha, na watoto wakasikia. Picha ilikuwa jamvi tu; mazungumzo ndiyo yaliyokuwa kikao.

Tukumbuke kwamba nyakati zenyewe zilikuwa ngumu. Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai, 1960, ikarudishwa kwa nguvu mwezi Januari, 1963. Patrice Lumumba aliuawa karibu na mji huo huo tarehe 17 Januari, 1961, pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Mwaka 1965 Mobutu alitwaa madaraka, na baadaye ukaja utawala wa chama kimoja ambao haukupenda watu waulize maswali. Mji wenyewe ulibadilishwa jina, jimbo likabadilishwa jina, hata nchi ikabadilishwa jina. Mtu aliyekwisha kubadilishiwa kila jina lililomzunguka, atajijuaje kuwa yeye ni nani? Aghalabu alijijua kwa kile kilichotundikwa sebuleni kwake.

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwako Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu katika mji huo, akamweleza kwamba yeye si mchoraji tu bali ni mwanahistoria. Akamchorea historia yote ya nchi yake katika picha zipatazo 100, tangu kabla ya wakoloni hadi nyakati ambazo zilikuwa bado hazijafika, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kunasia sauti. Alichora mgomo wa wafanyakazi wa migodi wa Desemba 1941, ambapo askari waliwafyatulia risasi wagomaji katika uwanja wa mpira. Alichora kifo cha Lumumba, akaweka nyuma yake misalaba mitatu, na damu itokayo ubavuni mwa marehemu ikaandika ardhini neno "umoja" kwa Kifaransa. Yapo mambo aliyoyasimulia kinyume cha wanachuo. Mimi nayaona kuwa sehemu ya ushahidi wake, maana hata namna mtu anavyokosea hueleza kinachomuuma.

Leo picha hizo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hapa ndipo penye fundo. Rafiki yangu mmoja, mshairi kunizidi, husema kwamba wanaoonyesha ugenini mateso ya watu wao hawatofautiani na mwombaji afunuaye kidonda chake sokoni ili atupiwe senti. Yafunikwe, asema, aibu ya nyumba isitoke nje ya ua. Siwezi kumpuuza. Iko biashara ya misiba, na wako wanunuzi ambao hawataki kitu kingine kutoka Afrika. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua. Aliyechapwa hana aibu yoyote ya kuficha; aibu ni ya aliyeshika mjeledi, na kulifunika kovu ni kumsitiri yeye. Tena lugha yetu ina busara yake, kwani kuonya na kuonyesha vyote viwili vimezaliwa na kuona. Asiyeonyeshwa ataonyekaje?

Ninachokiona kuwa dhambi, kwa hiyo, si kuitundika picha, bali ni kuitundika bila sauti ya wenyewe. Sebuleni Lubumbashi, picha ya mjeledi haikumdhalilisha mtu, kwa kuwa wapo waliosema. Picha hiyo hiyo, ikitundikwa katika chumba kimya penye kikaratasi cha maneno matatu, humrudisha yule mfungwa chini kifudifudi. Picha za Tshibumba zimenusurika kwa kiasi fulani, maana maneno yake ya Kiswahili yalihifadhiwa na kuchapishwa pamoja na tafsiri mwaka 1998. Mwanafunzi wa Kigoma akiyapata atayaelewa, akizoea lafudhi.

Na watu wa Lubumbashi hawakukaa kungojea wageni. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huo, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, akazikata na kuziweka juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyogeuka magofu. Wazee wale wanasimama wima katikati ya chuma kilicholiwa na kutu, kana kwamba wamerudi kudai ujira. Mwaka 2008, yeye na Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha shirika la sanaa na maonyesho ambayo yamekuwa yakifanyika kila baada ya miaka kama miwili katika mji huo huo, mahali ambapo mjukuu wa mchimba shaba aweza kuja kwa miguu akabishana na alichokiona. Shirika lao waliliita kwa neno la Kiswahili lisilo na makuu: Picha.

Yule mzee hakurudi siku ya tatu. Nilikuwa nimekwisha kununua daftari, nikakaa karibu na mlango tangu asubuhi. Maonyesho yalipofungwa nilikibandua kile kikaratasi, nikakitia ndani ya daftari lile, nalo mpaka leo halina jina hata moja.