Dawa Waliyoizoea

Julai 1997, msichana wa miaka 7 alifikishwa hospitalini huko Minnesota, Marekani, akiwa na homa na maumivu ya kinena upande wa kulia. Nyonga ilikuwa imetunga usaha. Madaktari wakamfanyia upasuaji na kumwanzishia sindano za sefazolini, dawa waliyoizoea kwa ugonjwa wa namna hiyo. Haikufua dafu. Siku ya tatu wakabadilisha dawa, kwa maana bakteria aliyemshika alikuwa MRSA, stafilokokasi sugu aliyejulikana wakati huo kwa kuwaandama waliolazwa wodini, si mtoto aliyetoka kwao mzima. Baada ya wiki tano akafariki. Kufikia 1999, watoto wanne wa Minnesota na North Dakota walikuwa wamekufa kwa bakteria huyo, na wote walianzishiwa dawa za jamii ileile.

Siwalaumu madaktari wale, walifuata walichofundishwa. Mazoea ndiyo yaliyowaponza.

Mara nyingi MRSA haui. Huja kama jipu tu, na huko Marekani wazazi wengi hudhani mtoto kaumwa na buibui. Daktari wa watoto aliyeonywa na vifo vile haanzi na kalamu. Hulibonyeza jipu: likiwa tepetepe, ndani mna usaha, na usaha dawa yake ya kwanza ni kupasuliwa. Ganzi, chale ndogo, usaha unakamuliwa, na kiasi chake hupelekwa maabara kuoteshwa. Kwa wekundu unaotambaa, wengine huchora mstari kwa kalamu ya wino kwenye ngozi kuuzunguka. Siku ya pili mama mwenyewe anaona kama umevuka. Ukivuka, au mtoto akiwa na homa, huongezewa kotrimoksazoli au klindamaisini, kutegemea bakteria wa eneo lile wanasikia ipi. Kichanga hapewi dawa ya kubahatisha na kurudishwa nyumbani; hupelekwa hospitali.

Kwetu mama hupitia duka la dawa kwanza, akauziwa amoksilini za kuhesabu, nusu dozi kwa sababu ya bei. Stafilokokasi walio wengi, hata wasio MRSA, huivunja dawa hiyo kwa kimeng'enya chao. Jipu linaendelea kuiva, na bakteria wengine mwilini waliokuwa wakiisikia amoksilini wanajifunza kuistahimili. Wiki moja baadaye mdogo wa mtoto mwenye jipu, anayechangia naye taulo, anaota la kwake.