Kabla Hujaokota Jiwe

Kaa hapa kivulini, mjukuu wangu. Tangu ushuke kwenye minibasi ya Lilongwe jana, uso wako haujatulia. Usiku nimekusikia ukiwaambia wenzako kwamba Wafaransa walimwangusha mfalme wao kwa sababu ya njaa, na sisi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tuna njaa, basi tunangoja nini. Sikutaka kukukatiza mbele yao. Sasa tuko wawili.

Njaa ile waliijua zamani. Mwaka 1709 baridi iliua mashamba ya Ufaransa, watu wakafa wengi mno, na Louis wa 14 akabaki kitini. Julai 1788 mvua ya mawe ikaharibu ngano, mkate ukapanda bei, lakini safari hii hazina nayo ilikuwa tupu: zaidi ya nusu ya mapato yalikwenda kwenye madeni. Makabaila na wakubwa wa kanisa walikuwa wamesamehewa kodi nzito, mkulima akalipia hata chumvi. Ndipo mfalme wa wakati huo alipowaambia watu waandike malalamiko yao. Hapo nisikilize vizuri, mwanangu. Wanakijiji walikaa parokia kwa parokia, wakaandika yote yaliyowauma, wakiamini baba yao atasoma. Mei 1789 wajumbe wakafika Versailles, na wiki zikapotelea kwenye ubishi wa namna ya kupiga kura. Julai watu wa Paris wakaona askari wanaongezeka kuzunguka mji. Umemuuliza mtu kinachomuuma, amekueleza, kisha unamletea bunduki! Tarehe 14 waliivamia Bastille kutafuta baruti. Ndani walikuta wafungwa 7 tu, lakini jina la gereza lile lilikuwa limewatisha baba zao na babu zao.

Hapa tulipoketi napo palikuwa gereza. Kamuzu Banda, aliyefanywa rais wa maisha wa Malawi mwaka 1971, alifungia wapinzani wake Dzaleka hii hii. Enzi zake, asiyekuwa na kadi ya chama chake aliweza kuzuiwa kupanda basi au kuingia sokoni. Alikuwa mfalme asiye na taji. Tarehe 8 Machi 1992 maaskofu 7 wa Kikatoliki waliagiza barua yao isomwe makanisani, wakasema wazi juu ya umaskini, shule, hospitali na hofu iliyowafunga watu midomo. Nao wakaitwa na polisi kuhojiwa. Mwezi uliofuata mpinzani Chakufwa Chihana akakamatwa uwanja wa ndege wa Lilongwe, akirudi kudai vyama vingi. Mei wafanyakazi wa Blantyre wakagoma, risasi zikalia, watu wakafa. Lakini barua ilikuwa imekwisha kusikika. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi waliulizwa kwa kura, na karibu 63 katika kila 100 wakachagua vyama vingi. Mwaka uliofuata Kamuzu akashindwa uchaguzi, na mwaka huo huo, 1994, gereza likafunguliwa kwa wakimbizi. Kaburi lake liko Lilongwe, limejengewa vizuri. Hakuna aliyemkata kichwa.

Ufaransa vichwa vilikatwa. Kati ya mwaka 1793 na 1794 waliohukumiwa kufa walikaribia 17,000, na wengi wao walikuwa mafundi na wakulima, wale wale wa bei ya mkate.

Mimi nilikuwa mvulana Burundi, Novemba 1966, waziri mkuu Micombero alipomwondoa Mwami, yaani mfalme, Ntare wa Tano akiwa Kinshasa. Sisi raia hatukuulizwa kitu. Wenye bunduki waliamua. Miaka 6 baadaye, mauaji yalipofika, nilijifunza kukimbia usiku bila viatu, na miguu hii haijapumzika tangu hapo. Nimechoka, mjukuu wangu. Sitaki kukuona ukijifunza nilichojifunza.

Sikuambii unyamaze. Najua kambi hii iliandaliwa kwa watu kama 10,000, na leo tumepita 50,000. Najua mwaka 2023 wenzetu waliokuwa na maduka Lilongwe walirudishwa huku, wengine bila hata kufunga mizigo. Hasira yako ina haki yake. Lakini wenzako jana walitaja mawe, na hakuna hata mmoja aliyetaja karatasi.

Nenda kamwombe mama yako lile daftari la madeni ya duka, kurasa za nyuma ziko wazi. Kawaite na wasichana, maana wao ndio wanaopanga foleni ya maji. Tutaanza na mgawo wa chakula: mwezi gani ulipungua, kwa kiasi gani, na nani alilala bila kula.