Safari si likizo ya swala



Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mlango wa swala ya msafiri nimeufundisha mara nyingi, naujua bila kufungua kitabu. Lakini siku moja, ndani ya basi la kutoka Bukoba kwenda Dar es Salaam, somo hilo nilifundishwa mimi. Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa kwetu Kaagya.

Tulifika Kahama mchana. Kondakta akatangaza dakika ishirini za chakula. Abiria tukakimbilia wali. Yule bibi alishuka na chupa yake ya maji, akatia udhu pembeni ya kibanda, akatandika khanga, akaswali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili. Hata dakika kumi hazikutimia. Kisha akanunua ndizi zake akapanda.

Mimi nilijiambia: "Nina ruksa ya kuchelewesha. Nitaziswali zote mbili wakati wa Alasiri." Basi likaondoka, dereva akawa anakimbizana na muda. Alasiri ikaingia, nikaona haya kumwomba asimame. Niliogopa abiria wangeninung'unikia. Tuliposimama tena, jua lilikuwa limezama.

Bibi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mwanangu, wewe uliswalia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nililipa swala zile usiku, lakini swali lile halijanitoka mpaka leo.

Ndugu zangu, tatizo langu halikuwa ujinga. Hukumu nilikuwa nazo kichwani. Tatizo ni kwamba niliitumia ruksa ya Allah (s.w.) kama kisingizio. Katika Suratun-Nisaa aya ya 101 Allah ametuhalalishia kupunguza swala tuwapo safarini. Sayyidna Umar (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ruksa hiyo kuendelea hata wakati wa amani, alijibiwa kuwa hiyo ni sadaka kutoka kwa Allah, basi tuipokee. Sadaka hiyo tumepewa ili swala isitupotee. Wengi wetu hatuipokei wala hatuswali kamili. Tunaacha kabisa, tukisema tutalipa tukifika.

Tukumbushane kwa ufupi, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi'i ambayo wengi wetu tunayafuata. Swala zinazopunguzwa ni Adhuhuri, Alasiri na Isha. Maghribi na Alfajiri hazipunguzwi. Adhuhuri hukusanywa na Alasiri, na Maghribi na Isha. Alfajiri haikusanywi na chochote. Safari iwe ya halali na ya masafa yasiyopungua kilometa 80 na ushei. Kwa hiyo anayetoka Kaagya kwenda sokoni Bukoba mjini hapunguzi, lakini wa kwenda Mwanza au Dar es Salaam anapunguza, tena akishatoka nje ya makazi ya mji wake, si akiwa bado sebuleni anafunga begi. Na anayenuia kukaa aendako siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, huyo akifika tu anaswali kamili.

Kuna jambo jingine tunalolisahau: saa. Bukoba iko magharibi ya Dar es Salaam kwa takriban nyuzi saba na nusu, nayo ni kama nusu saa ya jua, ikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Saa ya ukutani ni moja, jua si moja. Anayeswali Alfajiri Bukoba kwa kalenda ya Dar es Salaam huenda akaswali kabla ya wakati. Na anayefuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam anakula jua la Kagera likingali juu.

Kibla nacho kisitusumbue. Kwetu Kagera, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Aliye kwenye meli kutoka Mwanza kwenda Bukoba atakikuta mbele yake, upande wa kulia. Meli ikigeuka, naye ageuke. Awezaye kusimama asimame, asiyeweza aketi. Kama basi limekataa kusimama na wakati unatoka, aswali pale alipo kwa kadiri awezavyo kuheshimu wakati, kisha airudie atakaposhuka. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya mimi siku ile.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuambiwa kwamba safari ina mwisho usiojulikana. Waliopanda MV Bukoba jioni mwaka 1996 walitarajia kuamka Mwanza. Asubuhi ya Mei 21 ziwa likachukua mamia yao, na makaburi ya Igoma yapo hadi leo. Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani, uwanja wa Bukoba ukiwa karibu kabisa, watu 19 wakafariki. Allah awarehemu waja wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu afaye maji ana daraja ya shahidi. Lakini yupi kati yetu angependa kukutwa na mauti hali akisema "nitaswali nikifika"?

Surat Al-Ankabut aya ya 65 inatueleza habari za watu wanaomwomba Allah kwa ikhlasi wakiwa jahazini, kisha akiwafikisha nchi kavu wanamshirikisha. Sisi tumegeuza: nchi kavu tunaswali msikitini, safarini tunamsahau.

Basi, ndugu msomaji, mwisho wa mwaka ukikata tiketi ya kwenda nyumbani, weka chupa ya maji na mswala mkoba wa juu, usiufungie kwenye buti. Mwambie kondakta mapema, kwa adabu, kabla gari halijaondoka. Na msimamapo kwa chakula, anza na swala. Wali utakungoja.

Wabillahi tawfiq.