Gauni la Mwili Gani?

Kuna swali ambalo huulizwa katika darasa la wachumba karibu kila muhula. Huulizwa kwa sauti ya chini, darasa likishaisha, dada akingoja wengine watoke. Pasta, harusi ni Desemba. Ninapunguza mwili. Ninunue gauni sasa ama ningoje? Na nikinunua sasa, nichukue la mwili huu nilio nao ama la ule ninaoutarajia?

Najua kuna wazee watakaosema hilo ni swali la fundi, halina kazi madhabahuni. Mimi naona ndani yake kuna maswali ya kanisa: imani ni nini, pesa ni za nani, na huu mwili mdogo dada anadaiwa na nani. Lakini wacha tuanze na fundi, maana nilisomea biashara na sipendi kutoa ushauri juu ya kitu ambacho sijauliza kinafanyaje kazi.

Nimekaa na mafundi wawili wanaoshona magauni ya harusi, na wote waliniambia jambo moja. Gauni kubwa hupunguzika. Gauni dogo huongezeka tu kwa kile kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, na hicho mara nyingi ni upana wa kidole. Kupunguza saizi moja ama mbili ni kazi ya kawaida. Zaidi ya hapo gauni lifumuliwe, likatwe upya, na kama lina lesi na shanga, jiandae kulipa. Lenye kamba mgongoni lina huruma kuliko la zipu. Linaloagizwa kutoka nje huchukua miezi. La fundi wa hapa, wiki kadhaa. La kukodi, ambalo wengi wetu hutumia na sioni aibu yoyote hapo, laweza kuchaguliwa karibu na siku yenyewe, mradi uwahi kabla wengine hawajayamaliza. Kipimo cha mwisho kwa kawaida ni wiki mbili ama tatu kabla ya harusi, ukiwa na viatu utakavyovaa siku hiyo. Na nguo za ndani pia, aliongeza fundi mmoja, nami nikaandika bila kuuliza zaidi.

Sasa hesabu ya mwili. Wataalamu wa afya hushauri mtu apungue nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Tuseme ni mwisho wa Agosti na harusi ni wiki ya pili ya Desemba. Hizo ni kama wiki 15. Anayekula chakula cha kweli na kutembea anaweza kutarajia kilo 7, pengine 15 akijitahidi sana, na zile za mwanzo sehemu kubwa ni maji tu. Tena mwili haupungui mahali unapoamrishwa. Uso unaweza kupungua mwezi mzima kabla kiuno hakijasikia habari. Dada anayetaka kutoa kilo 20 kabla ya Desemba hajapungukiwa imani, amepungukiwa wiki.

Kwa hiyo jibu la fundi ni rahisi. Chagua mtindo sasa, lipa kiasi cha kumshika fundi, lakini kitambaa kikatwe kwa vipimo vya Oktoba. Kama unanunua lililoshonwa tayari, nunua linalofunga leo, kisha lipunguzwe. Ningeishia hapo kama isingekuwa neno moja ambalo nimelisikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa marafiki wa bibi harusi ambao ni waombaji wazuri: nunua dogo, kwa imani.

Hilo ndilo linanisumbua. Tunajua Waebrania 11 inasema imani ina uhusiano na mambo tunayoyatarajia na ambayo hayajaonekana. Sawa. Lakini soma sura yote. Watu wote pale wamesimama juu ya neno ambalo Mungu alilisema. Nuhu alijenga kwa imani, na alijenga kwa kipimo: dhiraa 300 urefu, alizopewa na yule aliyemtuma. Sasa nionyeshe mahali Mungu alipokuahidi saizi 12. Kama hakuahidi, hilo tulilolitundika kabatini ni matumaini yetu wenyewe. Matumaini si dhambi, lakini tusiyaandikie jina la Bwana, kwa sababu yakishindwa, dada ataambiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Na kumbe hakuna aliyemwahidi chochote.

Mfano ninaoupenda ni wa Daudi katika 1 Samweli 17. Mfalme Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba na zote. Daudi akajaribu kutembea, akaona haziendi. Akazivua. Mtu mwingine angesema, nitazizoea tu, kwani ni za mfalme. Yule kijana aliyekuwa na imani kuliko jeshi zima siku ile ndiye aliyekataa nguo isiyomtosha, akamwendea Goliathi katika mwili aliokuwa nao.

Kuna anayenijibu hivi, na ana hoja: Pasta, mtu huhitaji kitu cha kumsukuma. Anayelipia mbio mapema hufanya mazoezi. Gauni dogo likining'inia ukutani, hata chapati ya tatu huiogopi kidogo? Nakubali. Hata katika masomo ya biashara tulifundishwa kwamba watu hujifunga wenyewe makusudi, huweka pesa mahali wasipoweza kuzitoa, ili kesho wasijisaliti. Hufanya kazi. Lakini uliza ukishindwa adhabu inaanguka wapi. Ukishindwa mbio, unapoteza ada na kubaki nyumbani umelala. Gauni likikataa kufunga, adhabu inaanguka asubuhi ya harusi, mama na shangazi wakivuta zipu, gari liko nje, na mwili ambao haukumkosea mtu yeyote unalaumiwa na chumba kizima. Mimi nisingeweka adhabu ya namna hiyo mahali hapo.

Na kuna pesa. Harusi zetu nyingi ni za mchango. Kwenye ile orodha ya kamati kuna shilingi 200 za mama anayeuza mboga, na alizitoa kwa furaha. Gauni la pili linalonunuliwa kwa haraka wiki ya mwisho, kwa sababu la kwanza lilikuwa la mwili usiofika, linalipwa na yeye. Luka 14, yule anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu. Anahesabu alicho nacho.

Niseme sasa jambo zito, na nawaomba wazazi walisome pia. Mwaka juzi dada mmoja alianguka wakati wa mazoezi ya kuingia kanisani, siku nne kabla ya harusi. Tuliambiwa amefunga, na tukamwombea kama mtu aliyefunga. Alipopata nguvu alimwambia mke wangu ukweli. Kwa wiki tatu alikuwa anaishi kwa chai ya kupunguza mwili iliyomwendesha choo, na tango. Aliuita mfungo kwa sababu ndilo neno pekee ambalo kanisani hakuna atakayelihoji. Akimwambia mtu sili kwa sababu ya gauni, atashauriwa. Akisema amefunga, atapongezwa.

Fikirieni jambo hilo. Tumempa mtu neno takatifu la kufichia njaa. Isaya 58 ni sura ya watu waliofunga kwa haja zao wenyewe, na Bwana hakupendezwa, ingawa vichwa vyao vilikuwa vimeinama kweli. Kufunga kuna uso unaoelekea kwa Mungu. Kupunguza mwili ni jambo jingine, na laweza kuwa jema kabisa: kama daktari amekuambia juu ya presha ama sukari, mtii, na uendelee kumtii hata Januari. Lakini yaite kwa jina lake, ili siku ikizidi, kuna mtu wa kukuambia kula.

Sasa mwili huo mdogo, nani anaudai? Nimeuliza wachumba wengi. Mara nyingine ni picha. Mara nyingine ni bibi harusi wa mwezi uliopita. Mara chache, na hapo huwa namwita bwana harusi peke yake, ni yeye. Bwana harusi huyo huyo ameagiza suti ya mwili wake wa leo, na tumbo lake hakuna kamati iliyolijadili. Wala gauni jeupe lenyewe halikutoka Mlima Sinai. Lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na jeupe mwaka 1840, na nyanya zetu wengi waliolewa bila hilo na ndoa zao zikasimama.

Kaka wanaosoma Waefeso 5 wataniambia Kristo anataka bibi arusi asiye na waa wala kunyanzi. Kweli, lakini angalieni mpangilio wa maneno pale. Kwanza alimpenda na kujitoa kwa ajili yake, ndipo akamtakasa. Hakumwambia ajisafishe kwanza, ndipo wapange tarehe. Na mkifika Ufunuo 19, bibi arusi amejiweka tayari, ni sawa, lakini ile kitani safi amepewa. Kwa hiyo kaka, kama umemwambia mchumba wako apungue ndipo mpange, njoo tuongee kabla hatujatangaza jina lako hapa mbele.

Na kwa dada ambaye gauni dogo tayari liko nyumbani, limelipiwa, na kila usiku unalitazama: zile pesa zimekwisha kutoka, hazirudi kwa wewe kulala njaa. Lipeleke kwa fundi wiki hii. Mwambie akutolee zipu mgongoni aweke kamba, na kipande cha kitambaa nyuma yake, kisha ukajaribu ukiwa umekula mchana. Usingoje Novemba, maana kila bibi harusi wa Desemba atakuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Kama huna wa kukusindikiza, ongea na mke wangu baada ya ibada ya pili, amekwenda huko na wengine.