Aya Ina Mwenyewe

Mkristo asomaye Maandiko kwa ajili ya maisha yake ya kila siku aghalabu hujiuliza swali moja, nalo ni hili: aya hii yaamuru nini? Ni swali jema, walakini liko jingine linalolitangulia ambalo wengi hulipita bila ya kulitazama, maana kabla ya kujua aya yaamuru nini sharti kujua yamwamuru nani. Na katika nyumba, ambamo mume na mke, watoto na wakwe huishi chini ya paa moja na kusomewa kitabu kimoja, swali hili ndilo liamualo kama neno la Mungu litakuwa rehema au litakuwa fimbo.

Tazama jambo litokealo mara nyingi wazee wanapoitwa kusuluhisha ndoa. Wameketi sebuleni, chai imemiminwa wala hakuna aliyeigusa, mke ameinamisha kichwa akiukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake, na ukutani, juu ya kochi, imetundikwa Yoshua 24:15, ile ya mtu na nyumba yake kumtumikia Bwana, imedariziwa kwa uzi mwekundu. Mume achukua Biblia, afungua Waefeso mlango wa 5, asoma aya ya 22, ya 23 na ya 24, kisha aifunga. Hakusema uongo hata neno moja, kwani yote aliyoyasoma yameandikwa. Lakini aya tatu zile Mtume Paulo aliwaandikia wake, na aliyezisoma ni mume; na zile alizoandikiwa yeye, kuanzia ya 25 hadi ya 32, aya nane zimtakazo ampende mkewe kwa pendo la kuitoa nafsi yake kama Kristo alivyojitoa kwa Kanisa, zimebaki ndani ya jalada. Wala hakuigusa ya 21, iliyozitangulia zote, iwatakayo waamini wanyenyekeane wao kwa wao.

Basi kosa lake ni lipi, ikiwa hakuongeza neno wala hakupotosha? Kosa ni kwamba amesoma ya mwenziwe. Amri ya maadili haifanani na kanuni ya hesabu, ambayo ukweli wake hauongezeki wala haupungui kwa kutamkwa na huyu au na yule. Amri ya maadili ina mwenye kuitoa na mwenye kuipokea, na ikiondoka mkononi mwa aliyepewa ikashikwa na asiyehusika, hugeuka tabia hata kama herufi zake ni zile zile. Amri ya kusamehe, Mungu anapomwambia aliyedhulumiwa, ni mlango wa kutoka katika kifungo cha chuki. Amri hiyo hiyo, dhalimu anapomkumbusha yule aliyemdhulumu, ni dhuluma ya pili iliyovikwa kanzu ya ibada. Kadhalika uvumilivu, kadhalika kuridhika na riziki, kadhalika kuwaheshimu wazazi: hakuna fadhila hata moja isiyoweza kufanywa silaha na mtu aidaiye kwa mwingine kabla ya kuidai nafsi yake.

Nyaraka za Mtume zilikuwa barua kwelikweli, zilizosomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko, na katika Waefeso wameitwa kwa zamu yao wake, waume, watoto, baba, watumwa na mabwana. Kila mmoja alisikia fungu lake, tena akasikia na la mwenziwe, na mwenziwe akajua kwamba amesikia. Fikiri mtoto aliyekaa chini ya sheria ya Kirumi, iliyompa baba mamlaka hata juu ya uhai wa mwanawe, akisikia katika 6:4 baba yake mwenyewe akionywa hadharani asiwachokoze watoto wake. Hapana shaka siku ile neno hilo lilikuwa zito kuliko tulionavyo sisi. Kwa Paulo maneno haya yalikuwa yameshikana kama mwili na viungo vyake. Nambari za aya hazikuwamo: milango tunayoitumia yanasibishwa na Stephen Langton wa karne ya 13, na aya za Agano Jipya zilipigwa nambari na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Nambari hizo zina faida kubwa, nami nazitumia katika insha hii. Lakini zimempa kila mwenye nyumba uwezo wa kukata kipande kitoshacho haja yake.

Huenda msomaji akauliza: je, mke anayepigwa naye asimsomee mumewe aya ya 25, kwa kuwa si yake? Swali hili ni zito wala halijibiki kwa neno moja. Naona kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mwenye nguvu amsomeaye mnyonge wajibu wake, na mnyonge amkumbushaye mwenye nguvu. Wa kwanza ataka kupata. Wa pili ataka kuokoka. Nathani alipokwenda kwa mfalme Daudi na kisa cha maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake, alichukua neno la mwingine akampelekea, lakini alilipeleka juu, kwa mtu awezaye kumwua, wala hakuwa na faida yake humo. Mke yule anayo haki ya Nathani, na wazee waliokaa kimya mbele yake, Biblia ilipofungwa kwenye aya ya 24, walikuwa na wajibu wa Nathani wasiutimize.

Yesu mwenyewe alikutana na maradhi haya. Katika Marko mlango wa 7 awakemea watu waliotumia nadhiri kwa Mungu kuwa hoja ya kutowasaidia baba na mama zao: mali ile, walisema, imekwisha wekwa wakfu. Kumbe hata ibada yaweza kutumiwa kuikwepa aya iliyo yako. Mtu atoaye sadaka nono kanisani ilhali mama yake kijijini hana mafuta ya taa, naye akajituliza kwa aya za utoaji, amesoma aya za kweli, lakini amekimbia ile iliyomjia kwa jina lake.

Wala sisemi kwamba mzazi asifundishe. Kumbukumbu la Torati mlango wa 6 laagiza wana wafundishwe nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Ila latangulia kuagiza kwamba maneno hayo yakae kwanza moyoni mwa yule afundishaye, na utaratibu huo si wa bahati.

Afrika ya Mashariki imewahi kuiona tafsiri hai ya jambo hili. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya, uliishika 1 Yohana 1:7, habari ya kutembea nuruni, ukaipeleka hadi jikoni na chumbani. Mume alisimama akaungama aliyomtendea mkewe. Mtu alirudisha mali aliyoiiba kwa mwenyewe. Nguvu ya ushuhuda ule ilikuwa kwamba kila mmoja aliungama yake. Na pale ndugu walipoanza kuwabana wenzao waungame, ndipo ulipoanza kuchacha.

Nakusihi basi, baba usomaye hili: jioni zamu ya ibada ikifika kwenye Waefeso 6, usianze na aya ya kwanza, kwa kuwa hiyo ni ya watoto. Soma ya 4 kwanza, kwa sauti, nao wanakusikia, na kama kuna jambo la kuwaomba radhi, waombe papo hapo. Kisha mpe mkubwa wao kitabu, aisome ya kwanza mwenyewe.