Mzigo wa Nani?

Ndugu msomaji, Kurani Tukufu yafundisha kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Mbona basi, Januari 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani, kwa sababu watuhumiwa wa mauaji waliteswa huko Shinyanga, na baadhi wakafa mikononi mwa dola? Yeye hakumpiga mtu. Naam, dhambi ya kupiga ni ya aliyepiga. Lakini kuwalinda mahabusu ilikuwa amana ya Waziri, na amana ni mzigo wa mwenyewe. Ndiyo maana Mtukufu Mtume s.a.w. alimfananisha kiongozi na mchunga atakayeulizwa. Mawaziri hutangaza mengi. Tangazo lile la kuondoka halikumfufua mfu hata mmoja, wala sidai kwamba lilitosha.