Karani wa Giza

Kuna watu ambao usingizi huwajia kama mgeni anayejua saa ya chakula. Kwangu mimi hupotea njia. Tangu utotoni pale Kiriba, nyumba nzima ikilala mimi nilibaki nikisikiliza ziwa, na bibi yangu alipoamka kunywa maji alinikuta mara nyingi nimekaa kizingitini na daftari la shule magotini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, zima hiyo koroboi. Nyumba yenye mwanga saa nane za usiku huzungumzwa." Alikuwa na sababu. Kwetu mtu anayeonekana macho saa hizo ama ni mvuvi, ama ana mgonjwa, ama anawanga, na sisi wakati ule hatukuwa na mtumbwi wala mgonjwa.

Nilipokua nikapata kazi iliyonifaa kama soli na kiatu: ukarani wa kambi ya dagaa. Kwa msomaji asiyelijua Ziwa Victoria, dagaa wetu huvuliwa usiku, na si kila usiku. Wavuvi husema "giza" wakimaanisha zile siku ambazo mwezi haupo au unachelewa kutoka. Mitumbwi huingia ziwani jioni, taa huwashwa juu ya maji (zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola), na dagaa hupanda kuufuata mwanga hadi wavu uwafikie. Mwezi ukijaa, mwanga unakuwa umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina tena cha kujivunia. Hapo kambi hupumzika karibu wiki nzima. Nyavu zinashonwa, mahesabu yanapigwa, watu wanakwenda Musoma mjini kutumia walichopata na wakati mwingine ambacho hawajapata.

Kazi yangu ilikuwa kugawa petroli ya injini jioni, kupokea ndoo za dagaa alfajiri, na katikati ya hapo kulinda pipa. Saa nane nzima za kuwa peke yangu na taa! Tajiri alidhani ananilipa kwa kukesha. Ningekesha bure.

Nilinunua kaunta buku, lile nene la kwaya nne (na hiyo kwaya ni ya karatasi, Wakwaya, jirani zetu, wasinidai). Nikaligawa hivi: ukurasa wa kushoto hesabu za kambi, ukurasa wa kulia mambo yangu. Kushoto ndoo, lita, majina ya mitumbwi. Kulia niliandika lolote lililonijia: upepo ulivyogeuka, mzaha wa mabaharia, deni la harusi ya dada, ndoto za mchana kwa kuwa mchana ndio nililala. Kadiri giza moja lilivyofuata lingine, kushoto kulipungua na kulia kukanona. Na hapa ndipo nilipokosea, ingawa wakati ule niliona ni sifa: sikuwahi kusoma mchana nilichoandika usiku. Kulipopambazuka nilikabidhi idadi ya ndoo, nikaingia ndani, nikafunika uso. Usiku uliofuata nilifungua ukurasa mpya.

Nisieleweke kwamba nawalaumu watu wa usiku. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kati ya Wahadza, huku huku Tanzania, kwenye nchi ya Ziwa Eyasi. Waliwafunga watu wazima 33 kifaa cha kupima usingizi mkononi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Daima kulikuwa na mmoja au zaidi aliye macho: mzee aliyewahi kuamka, kijana aliyechelewa kulala. Watafiti wakasema huenda ndivyo binadamu alivyoumbwa, ili kundi lisikose mlinzi. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyeletewa cheti chake cha kuzaliwa. Kumbe mimi si mvivu wa asubuhi, ni mlinzi! Lakini mlinzi wa Wahadza akisikia kitu porini huwaamsha wenzake wakasikilize naye. Mimi nilisikia peke yangu, nikahukumu peke yangu, na nikaandika.

Kaka yangu alikuwa msimamizi wa kambi hiyo hiyo. Ni mtu wa mchana: saa tatu usiku anakoroma, saa kumi na moja alfajiri yuko mwaloni anapiga kelele. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa tu kama jua na mwezi, tunapokezana pipa la petroli na kuachiana uji kwenye sufuria.

Mbalamwezi moja, kambi ikiwa kimya, nilikaa kupiga hesabu za giza lililokwisha. Nikajumlisha lita zilizonunuliwa, nikatoa zilizogawiwa, nikapima pipa kwa kijiti. Pungufu, lita 20. Nikarudia. Pungufu vile vile. Ilikuwa yapata saa tisa usiku. Mtu wa mchana angesema, "Nitauliza kesho," akalala. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu.

Ndugu msomaji, jaribu kuwaza jambo dogo saa tisa usiku uone litakavyoota miguu. Ufunguo wa pipa tulikuwa nao wawili, mimi na kaka. Mimi sikuchukua. Basi. Kutoka hapo nikakumbuka viatu vipya vya mwanawe. Kutoka kwenye viatu nikafika kwenye shamba la marehemu baba, nani alipimiwa upande wenye rutuba. Kutoka shambani nikafika kwenye ng'ombe wa mahari yangu, waliochelewa mwaka mzima kwa sababu yake. Kila kilichojificha gizani kilipanda kuufuata mwanga wa taa yangu, nami nikavuta wavu bila kuchagua. Kurasa tatu. Na niseme kweli yote: ziliandikwa vizuri. Nilizisoma kwa sauti nikaona ni za mtu mwenye akili sana.

Nikazichana, nikazikunja, na ilipofika saa kumi na moja kasoro nikampa kijana wa bodaboda aliyekuwa anakwenda mjini ampelekee tajiri. Kisha nikalala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Huko Butiama, si mbali na kwetu, ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere, naye mwaka 1963, akiwa rais, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Caesar. Tuliisoma shuleni tukicheka majina. Mle ndani Caesar anasema anataka awe karibu na watu wanene, wenye kulala usiku. Yule Cassius aliyekonda, anayewaza mno na kusoma mno, anamtia shaka. Shuleni nilimchukia Caesar kwa maneno hayo, nikaona ananisema mimi. Baadaye ndipo nilipokumbuka yanayofuata. Brutus hapati usingizi. Usiku anazunguka bustanini kwake, analetewa barua iliyookotwa dirishani, na anaifungua papo hapo kuisoma kwa mwanga wa vimondo. Hangojei jua. Barua hiyo imetoka kwa Cassius, shemeji yake. Kabla siku haijaisha, Caesar amekufa. Ukiitazama kwa macho ya karani, tamthilia nzima ni habari ya watu waliopitisha hesabu usiku.

Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa Cassius na Brutus kwa pamoja. Niliiandika mwenyewe, nikaiamini mwenyewe.

Nilipoamka saa saba mchana, tajiri alikuwa ameshakuja na kuondoka. Kaka alikuwa anafunga begi. Hakuniuliza chochote wala hakuinua sauti. Alisema, "Pipa lina ufunguo mmoja sasa, ni wako," akauweka juu ya kaunta buku langu. Nilimwona akitembea mwaloni, akisimama kidogo kwenye pipa, kisha akapanda mtumbwi wa watu wa Ukerewe. Shemeji na watoto walimfuata baada ya wiki mbili. Yule mwenye viatu vipya alinipungia mkono. Hakujua.

Siku chache baadaye msimamizi mpya aliniomba nimwonyeshe kumbukumbu za giza lililopita. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo sikuizoea, na macho yalinichoma kwa mwanga. Nikafunua kaunta buku. Kushoto, tarehe, ndoo, lita. Kulia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, habari nzuri ya usiku wa upepo: jinsi mtumbwi wa majirani ulivyoishiwa mafuta karibu na miamba, jinsi watu wanne walivyofika wameloa chapachapa wakipiga kasia, na jinsi kaka alivyoamshwa, akatoka na shuka mabegani, akawapimia lita 20 na kuwaambia wazirudishe wakipata. Nilikuwa hata nimeandika kwamba alicheka, na kwamba meno yake yalionekana kabla ya uso wake. Sentensi hiyo niliipenda. Nilichokisahau ni kuandika lita 20 upande wa kushoto.

Nilipanda bodaboda hiyo hiyo kwenda kwa tajiri. Alinisikiliza hadi mwisho akijipepea kwa bahasha. "Usiku umeandika kaiba," akasema. "Mchana unaniambia hakuiba. Nikuamini saa ngapi?" Msimamizi mpya alikuwa ameshalipwa. Mambo yakabaki hivyo. Mimi hakunifukuza, na kusema kweli ningependa angefanya hivyo.

Shangazi yangu alikuwa na eneo lake la kuanikia dagaa hapo hapo mwaloni, na mimi, karani wa miaka, sikuwahi kuiona kazi yake, kwa sababu ilianza nilipolala. Sasa sikuweza kulala. Nikawa nakaa naye. Ndoo nilizokuwa naandika alfajiri kama jambo lililokwisha, kwake ndiyo kwanza zinaanza. Anawamwaga juu ya nyavu kuukuu, anawatandaza wasilaliane, anainama kuokota furu (visamaki vingine visivyotakiwa) na vijiwe na vipande vya majani, anawageuza, anaangalia anga upande wa ziwa. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka wanaoza, na wengi wao huishia kuwa chakula cha kuku. Likiwaka jua la kutosha, jioni wanapigwa kwenye magunia, na lori linapita Bunda kwenda Mwanza. Shangazi alinitupia macho mara moja tu, nikiwa na kaunta buku mapajani. "Hicho nacho unaanika?" akauliza, akaendelea kuokota.

Nikaanza kusoma. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa, jua likiwa mgongoni, na ilikuwa kazi chungu. Yule mtu wa upande wa kulia alikuwa mwerevu, mwenye maneno, na mwongo kiasi. Si mwongo wa makusudi. Alikuwa tu mtu ambaye hakuna aliyewahi kumkatiza. Mahali pengine nilikuta mambo ya kweli ambayo mchana nisingethubutu kuyasema, nikayaacha. Mengine niliyapiga mstari. Mengi, karibu nusu, yalikuwa furu.

Ng'ambo ya maji, Ukerewe, alikokwenda kaka, ndiko alikoishi Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945. Ikamlazimu baadaye kuzipitia upya mwenyewe ili azigeuze kuwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Miaka 35 kati ya kalamu na msomaji! Barua yangu ilikaa mikononi mwangu saa mbili.

Sijaacha kukesha, nilijaribu nikashindwa. Wala sijaacha kuandika. Hesabu tu ndizo nimeziondoa kwenye kitabu changu, zina daftari lake, na kila lita inayotoka pipani lazima itiwe saini na aliyeipokea, awe ameloa au mkavu.

Kaka alirudi baada ya miaka miwili, kwa msiba wa bibi. Tulichimba kaburi pamoja, tukapokezana sepetu bila maneno mengi. Usiku wa matanga watu walikuwa wamelala kwenye mikeka uani, moto ukiwa umebaki makaa, na ajabu yeye alikuwa macho. Nikaingia ndani nikamletea kaunta buku, limefunguliwa mahali pale. Akasogeza karibu na makaa, nikamwambia, "Hapana, kaka. Tungoje kuche." Akanitazama kama mtu anayeona jambo geni, akalifunga, akaliweka chini ya kichwa kama mto.

Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha bibi, analisoma. Alisoma ukurasa wa kulia hadi mwisho, na alipofika kwenye meno alitabasamu kidogo. Kisha akatazama wa kushoto, mahali palipokosekana. Akaniomba kalamu. Akaandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa: WALIZILETA SIKU ILE ILE NINAONDOKA. NIKAZIMIMINA PIPANI MWENYEWE. LITA 18.

Akanirudishia kalamu, akaenda kunywa chai. Zile mbili sijamuuliza.